Mtoto kazaliwa, mama kasahauliwa!

UKITAKA kujua binadamu tulivyo, subiri siku mkeo ajifungue, halafu piga simu kwa watu kumi. Mimi nilipiga kwa watu kumi na wanne. Nilikuja kuwahesabu baadaye, nikiwa kwenye benchi la hospitali, nimeshika kichwa kama mtu aliyeibiwa mshahara wa mwezi mzima.

Wote, bila kukosa hata mmoja, waliniuliza swali lile lile: "Dume au jike?" Baada ya hapo likafuata la pili: "Kafanana na nani?" Halafu la tatu: "Ana kilo ngapi?" Mshikaji wangu mmoja wa Sinza yeye alikwenda mbali zaidi, akataka kujua bia zitanyweka wapi na saa ngapi.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: "Mama yake anaendeleaje?"

Na nisiwasingizie watu, mpenzi msomaji. Hata mimi, mume mtu, niliyejifanya najua mapenzi kuliko waigizaji wa filamu za Kihindi, sikuuliza. Nilimwona mtoto, nikapiga picha, nikatupia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, nikaanza kupokea pongezi kama vile uchungu ule niliusikia mimi. Kumbe ndani ya wodi mke wangu alikuwa anaondoka taratibu, kimya kimya, huku tukidhani amelala.

Kisa hiki ni cha mwaka juzi. Kila nilipotaka kukiandika mkono ulikuwa unakataa. Leo nimeamua liwalo na liwe.

MAMA, MWACHE APUMZIKE

Uchungu ulimwanza mke wangu alfajiri. Tukadaka Bajaji, mguu kwa mguu hadi hospitali moja hapa hapa Dar, jina nalihifadhi. Mchana kutwa nilikuwa nje, nahesabu vigae vya ukuta. Ilipofika saa 2:10 usiku, nesi akatoa kichwa mlangoni: "Baba, hongera. Binti, kilo tatu na nusu." Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru nesi, nikamshukuru na mlinzi wa getini ambaye hakuhusika kabisa.

Baada ya saa moja hivi mke wangu akahamishwa kutoka leba, akapelekwa wodi ya wazazi. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umeshapita siku nyingi, lakini mama mkwe alikuja na chupa ya uji wa pilipili manga, na mimi nikapenya nyuma yake kama mbeba mizigo.

Nilichokiona sitakisahau. Wodi imejaa pomoni. Kila kitanda kina mama na kichanga chake, na katika kitanda kimoja walikuwepo wazazi wawili, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Meza ya nesi ilikuwa na taa inayowaka, daftari lililofunguliwa, na kiti kitupu. Nilikasirika. Nikasema moyoni, hawa kazi yao kupiga soga tu. Nilikuja kujua baadaye kwamba sista wa zamu ile alikuwa peke yake usiku huo, na wakati ule alikuwa leba akimpokea mtoto mwingine aliyekuja kwa haraka.

Mama mkwe alimchukua mjukuu, akakaa naye pembeni ya kitanda. Tukaanza ule mchezo wa nchi nzima: pua ya nani, masikio ya nani, vidole virefu amevitoa wapi. Mke wangu alikuwa amejifunika khanga mpaka shingoni.

"Nasikia baridi," akasema.

Ilikuwa Februari, Dar es Salaam. Mimi shati lilikuwa limeganda mgongoni kwa jasho.

"Ni uchovu huo, mwanangu," mama mkwe akamjibu. "Kuzaa si mchezo. Lala kidogo."

Baada ya muda akasema ana kiu. Tukampa maji. Akapiga miayo, mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Akasema anahisi kama damu inamtoka nyingi. Mama mkwe, mtu wa Tanga, mwanamke mwenye mila zake na aliyezaa saba, akamtuliza: "Wacha itoke, huo ni uchafu. Ikibaki ndani ndiyo mbaya." Akafumba macho. Nikanyoosha khanga vizuri nimfunike, maskini ya Mungu, nikidhani namtendea wema.

Hapo ndipo alipoingia binti mmoja mwembamba, nesi mwanafunzi, daftari kwapani. Alikuwa anapita kitanda hadi kitanda. Alipofika kwetu akaamkia, "Shikamoo bibi. Samahani, naomba nimwangalie mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo kwanza kapata usingizi, mwache apumzike."

Na mimi nikaunga mkono. Nikamwambia, "Sista, pita kwa wengine kwanza, huyu yuko salama." Maneno hayo yametoka kwenye mdomo wangu huu huu.

Binti yule angeweza kupita. Alikuwa mdogo, mbele yake kuna bibi mtu mzima na mwanamume anayejifanya anajua. Lakini hakupita. Akasema kwa adabu, "Sitachukua muda, bibi," akamshika mke wangu kifundo cha mkono, akawa anatazama saa yake huku midomo inahesabu. Kisha akahesabu tena. Halafu akafunua khanga.

Akapitisha mkono chini ya kiuno cha mke wangu. Alipoutoa, ulikuwa mwekundu hadi kwenye kifundo.

KIMBEMBE CHA SAA NNE USIKU

Mpenzi msomaji, sijapata kuona mtu mdogo akigeuka kuwa mkubwa kwa kasi ile. Hakupiga ukelele wa hofu. Aliweka kiganja chini ya kitovu cha mke wangu, akaanza kusugua tumbo kwa nguvu, huku akisema, "Mama, utaumia kidogo, nivumilie. Nisikilize, usilale." Halafu akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Sista! Kitanda namba saba! Damu!"

Hapo ikawa patashika. Sista wa leba akaja mbio na sinia, nyuma yake daktari kijana, kandambili mguuni. Nikasikia namba: mapigo 130, presha 80 kwa 50. Dripu mbili, kila mkono moja. Sindano. Sindano nyingine. Mrija wa mkojo. Mama mkwe akawa anaomba dua kwa sauti huku amemkumbatia kichanga. Mimi nikasukumwa nje. "Baba, toka! Tuachie nafasi!"

Nje nikaulizwa swali lililonivua nguo: "Kundi la damu la mkeo unalijua?" Sijui. "Lako?" Sijui. Timu ya mpira ninayoshabikia najua mpaka namba za jezi za wachezaji wa akiba, lakini damu ya mke wangu sijui. Bahati nzuri kadi ya kliniki ilikuwa imeandikwa, na damu ya kundi lake ilikuwepo. Wakaniomba na mimi nitoe ya kufidia benki. Mimi sindano naziogopa tangu darasa la pili, lakini usiku ule nilinyoosha mkono kabla hata hawajamaliza kuuliza.

Ilipotimu saa sita na ushee daktari akatoka. Akakaa kwenye benchi pembeni yangu kama mtu aliyetoka kubeba magunia.

"Mkeo yupo," akasema. "Mfuko wa uzazi ulikuwa umelegea. Kibofu kilikuwa kimejaa, na kipande kidogo cha kondo kilikuwa kimebaki ndani. Tumekitoa. Lakini kama yule binti angechelewa nusu saa nyingine, tungekuwa tunazungumza mengine."

Hapo ndipo nilipoitazama simu yangu. Pongezi 63, na vikopo vya bia vya kuchora juu yake.

SHANGAZI AFUNGUA DARASA

Nina shangazi ambaye alikuwa nesi mkunga kwa zaidi ya miaka thelathini kabla hajastaafu. Alipokuja kumwona mzazi nyumbani nilimweleza yote, nikitegemea atanipa pole. Wapi! Alinipa darasa.

"Nyie watu wa mjini," akaanza, "mnadhani kuzaa kunaisha mtoto akilia. Kwetu sisi wauguzi kazi nyingine ndiyo inaanza pale."

Akachukua sahani ya chai mezani. Kondo la nyuma linapong'oka, akasema, linaacha ndani ya mfuko wa uzazi kidonda kinacholingana na sahani, na mishipa ya damu iliyo wazi. Mimba ikiwa imekomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko huo kila dakika. Kinachoizuia isimwagike ni misuli ya mfuko wenyewe, ambayo inatakiwa ijikaze kama mtu aliyekunja ngumi na kuibana ile mishipa. Ngumi ikikunjuka, bomba limefunguka.

Ndiyo maana nesi anayejua kazi yake hamwulizi tu mzazi, "Unajisikiaje?" Anaweka mkono tumboni. Mfuko uliojikaza unagusika karibu na kitovu, mgumu kama balungi. Uliolegea ni kama donge la unga wa maandazi lililoumuka. Ukiwa hivyo unasuguliwa mpaka ujikaze, na dawa inatolewa. Kibofu kikijaa mkojo kinausukuma mfuko na kuuzuia kujikaza, ndiyo maana mzazi anatakiwa ahimizwe kukojoa, na mkojo wa kwanza uandikwe kwamba umetoka ndani ya saa sita.

"Mkeo alikojoa tangu ajifungue?" shangazi akaniuliza.

Nikabaki namtumbulia macho.

Halafu akanieleza jambo lililonitisha kuliko yote. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi huku presha yake bado inaonekana nzuri. Mwili wake unapigana. Kinachotangulia kubadilika ni mapigo ya moyo, yanakwenda mbio. Kisha baridi, kiu, jasho jembamba, kutotulia au usingizi usio wa kawaida. Presha inaporomoka baadaye, na hapo muda umeshaliwa. Mapigo yakiikaribia au kuipita ile namba ya juu ya presha, ni kengele ya hatari.

"Kwa hiyo alipokuwa anasema anasikia baridi..." nikaanza.

"Alikuwa anakuaga," shangazi akamaliza.

Kwa ajili hiyo, wauguzi na wakunga hufundishwa kumwangalia mzazi kila dakika 15 katika saa mbili za mwanzo, kisha vipindi vinaongezwa taratibu. Wanaangalia damu inayotoka, ugumu wa mfuko wa uzazi, mapigo, joto la mwili na presha. Shirika la Afya Duniani linataka mama aliyejifungua salama abaki hospitali walau saa 24. Hao wanaomwona mzazi ametoka leo asubuhi na kurudi nyumbani mchana wakamsifu kwamba ni jasiri, wajue wanacheza na moto. Saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote.

KHANGA MBILI ZA KIGOMA

Nilimwuliza shangazi swali lililokuwa linaniuma: iliwezekanaje sisi watu wazima wawili, tukae karibu namna ile, tusione?

"Khanga," akanijibu. "Khanga inasitiri mengi, hata hayo."

Na kweli. Khanga inanyonya. Ina maua mekundu na weusi, na mwanga wa wodi ni hafifu. Damu nyingine inatiririka chini ya mgongo, inatuama kwenye plastiki ya godoro. Hata wataalamu wakikadiria kwa macho tu, mara nyingi wanakadiria pungufu.

Lakini khanga hiyo hiyo iliwahi kuwa mwalimu. Kule Kigoma, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kuitumia kama kipimo: khanga mbili za kawaida zikilowa chapachapa kwa damu ya mzazi, basi imeshapita nusu lita, na hapo ni lazima kuchukua hatua mara moja. Wakunga hao walifundishwa kumpa mama vidonge vya misoprostoli kwa wakati huo. Kitu tunachokifunga kiunoni kila siku kikawa mizani.

Siku hizi kuna kipimo kizuri zaidi. Ni mfuko wa plastiki unaowekwa chini ya mama mara tu mtoto akitoka, una mistari ya vipimo kama ile ya chupa ya maziwa ya mtoto. Damu inaingia, nesi anasoma namba. Mfuko huo ulijaribiwa katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na matokeo yakatangazwa mwaka 2023. Katika hospitali zilizoutumia pamoja na kutoa huduma zote kwa mpigo mmoja, yaani kusugua tumbo, dawa ya kukaza mfuko, dawa ya kugandisha damu, dripu na kuchunguza chanzo, matukio ya damu kumwagika kupita kiasi, upasuaji kwa sababu yake, au kifo, yalipungua kwa asilimia 60.

Soma tena hapo, mpenzi msomaji. Asilimia 60! Dawa hizo nyingi zilikuwepo miaka yote. Kilichoongezeka ni kupima badala ya kukisia, na kufanya yote pamoja badala ya kujaribu moja, kusubiri, kisha kujaribu jingine.

Tusijidharau, tumepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi Tanzania ni 104 katika kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015-16 ulionyesha 556. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini kila mmoja wa hao waliobaki kwenye hesabu ana jina, ana mama mkwe mwenye chupa ya uji, na ana mume kama mimi aliyekuwa anatuma picha.

AROBAINI ZA BIBI NA ZA DAKTARI

Tuliporudi nyumbani ikaanza arobaini. Hapa nikiri, nilikuwa nimejiandaa kugombana na mama mkwe. Nilikuwa nimeshasoma, nimeshakuwa mjuaji. Shangazi akanizuia.

"Usimdharau mkweo," akasema. "Waliobuni arobaini hawakuwa wajinga. Mzazi alale, ale, asibebe ndoo, awe na mtu wa kumwangalia. Hospitali nayo inahesabu wiki sita, ambazo ni siku 42. Wamepishana siku mbili tu."

Basi wakakaa wawili wale, mkunga mstaafu na bibi wa Tanga, wakapatana kama mawaziri. Uji wa pilipili manga, mtori na supu, ruksa. Kukandwa, ruksa, ila kwa maji ya vuguvugu. Yale ya kuunguza ngozi yakapigwa marufuku, hasa karibu na mshono. Kufunga tumbo kwa kitambaa, kusiwe kwa kukaba pumzi. Na ile kanuni ya mzazi kutovuka kizingiti mpaka arobaini itimie ikapewa kifungu kipya: isipokuwa anapokwenda kliniki.

Maana kuna tarehe za kliniki ambazo hazingoji. Baada ya zile saa 24 za mwanzo, mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Wengi tunampeleka mtoto kwa ajili ya chanjo, mama anakaa nje kwenye benchi kama msindikizaji. Kumbe na yeye ni mgonjwa wa siku hiyo.

Na hatari si damu peke yake. Kifafa cha mimba, ambacho wengi tunadhani kinaisha mtoto akizaliwa, kinaweza kumkamata mama hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Kinaanza na presha kupanda, kichwa kinachouma kisichosikia dawa, macho kuona giza au nyota. Akianza kukakamaa, usimwite mganga wa mashetani. Mkimbize hospitali, kuna dawa ya magnesiamu salfeti inayozuia degedege hilo. Kuna homa ya uzazi, ile ya joto kali, tumbo kuuma na uchafu wenye harufu mbaya, ambayo inataka dawa za kuua vijidudu bila kuchelewa.

Halafu kuna lile la moyoni. Siku za mwanzo mzazi anaweza kulia bila sababu, hilo kwa wengi linapita ndani ya wiki mbili. Lakini likizidi hapo, akawa hataki kula, halali hata mtoto akilala, anasema yeye si mama wa maana, au anataja kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa. Mke wangu alipitia kidogo. Usiku mmoja aliniambia, "Mlikuwa mnacheka. Nilikuwa nawasikia mnacheka, nikawa nashindwa kuwaita." Sikuwa na jibu. Nikamshika mkono tukakaa mpaka adhana ya alfajiri.

VIJANA, SIKILIZENI

Sasa, wewe mshikaji ambaye mama watoto wako yuko mwezi wa nane, na wewe dada unayejiandaa, kateni ukurasa huu mbandike kwenye friji. Hizi ndizo dalili za kumwita nesi mara moja, au kurudi hospitali bila kusubiri kesho, arobaini au mshahara:

1. Pedi au khanga kulowa chapachapa ndani ya saa moja au chini ya hapo, au mabonge makubwa ya damu.

2. Baridi, kizunguzungu, kiu isiyokatika, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, usingizi wa ajabu ajabu.

3. Kichwa kuuma sana, macho kufifia, kukakamaa.

4. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, mshono kuvimba au kutoa usaha.

5. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kifua kubana, pumzi kuwa ngumu.

6. Kushindwa kukojoa.

7. Huzuni nzito, au mawazo ya kujidhuru.

Jua kundi la damu kabla ya siku yenyewe. Na kama nesi anakuja kumwangalia mzazi amelala, mwache amwamshe. Narudia: mwache amwamshe! Usingizi utakuwepo kesho. Kama muda umepita hajaja mtu, nenda ukamwulize kwa adabu, "Sista, samahani, mama ameangaliwa saa ngapi mara ya mwisho?" Swali hilo halimtukani mtu.

Na hapa niseme neno kwa ajili ya wauguzi, maana nilianza kwa kuwalaumu. Sista mmoja, wodi imejaa, leba inaita. Huyo hata awe malaika, kila dakika 15 atazitoa wapi? Tunapigia kelele majengo na mashine, ni sawa. Lakini kilichomwokoa mke wangu usiku ule hakikuwa mashine. Ilikuwa mkono mmoja, saa ya bei rahisi, na binti aliyekataa kupita kitanda namba saba. Wenye kupanga idadi ya watumishi wasikie.

Nilirudi pale baada ya wiki tatu, nina doti ya khanga kwenye mfuko. Nikaambiwa wanafunzi wale wamemaliza zamu yao, wamepelekwa kwingine. Jina lake hatukuwahi kuliuliza. Khanga ile mke wangu ameikunja kabatini, haivai na hampi mtu. Anasema ina mwenyewe.

SIMU YA JUZI

Namalizia na hili. Juzi saa tatu usiku simu ikaita. Ni yule yule mshikaji wangu wa Sinza, mtu wa bia, anapiga kelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Mwanangu! Nimepata dume! Kilo tatu na nukta mbili! Kaniiga mpaka kisogo!"

"Hongera," nikamwambia. "Mama yake je?"

Kikapita kimya.

"Yupo... kalala. Kachoka sana. Anasema anasikia baridi kidogo."

"Nani yuko naye sasa hivi?"

"Hakuna, mimi nimetoka nje kidogo niwapigie washikaji."

"Kata simu," nikamwambia. "Rudi ndani sasa hivi, mwite nesi, mfunue khanga."

Akakata. Nilikaa dakika arobaini nikiitazama simu ile, sijui kama nilipumua. Ilipoita tena sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kaka," akasema, na tangu tufahamiane hajawahi kuniita kaka, "kizazi kilikuwa kimelegea. Sista kasugua, kamchoma sindano, kamwekea dripu. Damu imekata. Sasa anakunywa chai."

Bia za mtoto yule tutakunywa. Ila tumekubaliana, glasi ya kwanza itainuliwa kwa ajili ya mama.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.